Fito za Maua ya Mama Yako Zimechipuka

Osukuru,
kwa mkono wa Kanisa,
S.L.P. Tororo.
27 Juni 1965

Mpendwa mjukuu wangu Oboth, mume wangu mdogo uliyenitoroka,

Hujambo? Mwili wako haujambo? Kile kifua kilichokuwa kinakoroma wakati wa baridi, huko Magadi kwenye joto kimenyamaza au bado? Unakula? Usiniambie unakula mkate. Mkate si chakula. Mkate ni kitu cha kushika mkononi wakati mtu anangoja chakula.

Mimi sijambo. Nyonga ya kushoto inaniuma, lakini hiyo ni nyonga yangu na siiombei huruma. Macho yanaona. Meno usiniulize. Kuku wapo, isipokuwa yule jogoo mwekundu. Nilimchinja Pasaka, nikamla peke yangu mpaka nikamchoka, kwa sababu hapakuwa na mtu wa kumpa paja.

Barua hii naandika mwenyewe kwa penseli. Ile ya mwaka jana nilimpa mwalimu wa kanisa aandike. Nilimwambia, mwandikie huyu mtoto kwamba ni mjinga. Yeye akaandika, nyanya yako anakukumbuka sana. Nilijua kwa sababu nilimwamuru anisomee. Basi sasa ni mkono wangu. Mimi nilisoma darasa la ubatizo tu, na Kiswahili changu ni kile cha landi, zile nyumba za wafanyakazi wa reli, tulikokaa na babu yako akipiga nyundo ya reli. Penye makosa ruka. Penye matusi usiruke.

Tangu Krismasi hujaandika. Sitaki kujua kwa nini. Kalamu huko zipo, nimeuliza.

Sasa sikiliza habari ya maua ya mama yako, maana ndiyo iliyonifanya nichonge penseli.

Unayakumbuka, au hayo magadi yamekutoa akili kichwani? Mama yako Awor alipokuwa yaya Tororo kwa yule memsabu, wazungu wakafunga mizigo ilipokaribia Uhuru, na memsabu akampa debe la viazi vya maua ya dalia. Mwingine angepewa kitanda. Binti yangu alipewa viazi visivyoliwa. Mimi nilikwisha injika sufuria, akaninyang'anya. Akavipanda mbele ya nyumba yake, pale chini, kati ya nyumba yangu na pamba ya Oketcho. Mwaka uliofuata yeye akalala kaburini. Nyumba haikuwa na mtu wa kuikandika udongo, mvua ikaila ukuta kwa ukuta mpaka ikakaa chini. Maua tu ndiyo yalibaki. Na kila mvua yanarudi. Juu yanakufa, chini hayafi.

Siku ya matanga ya mwisho wewe ulikuwa umeinama unalia, kwa hivyo hukusikia. Oketcho, mdogo wa babu yako, alisimama mbele ya watu akasema Awor alikuwa binti aliyerudi nyumbani na mtoto mgongoni, na binti hana pahali. Watu wakaguna. Alipoona wanaguna akajifanya mwema. Akasema, "Haya, mimi si mnyama. Maadamu kuna kitu cha Awor kimesimama pale, sitapagusa. Siku hakuna kitu kimesimama, naingiza jembe." Alisema hivyo akiangalia maua. Alidhani yatadumu kama mchicha.

Ndiyo maana nyanya yako, ambaye hajawahi kuona faida ya ua hata siku moja, amekuwa mtunza maua. Watu wakipita barabarani wananiona nimepiga magoti kwenye dalia wanafikiri naomba Mungu. Nawaacha wafikiri.

Dalia ni mmea mjinga, Oboth. Nakwambia ukweli. Linakwenda juu mpaka kimo chako, bua lake tupu ndani kama mrija, halafu linabeba kichwa kikubwa kama sahani. Upepo ukija, pwaa. Limekufanana. Linakimbilia juu kabla ya kujiuliza litasimama na nini.

Kwa hivyo mwanzoni kabisa, likiwa bado chini ya goti, ndipo unaweka fito. Si likisha anguka. Likisha anguka, hata ukilinyanyua shingo imepinda, na ukichoma ufito wakati huo unatoboa viazi chini. Mwaka wa kwanza niliweka mabua ya mtama. Mchwa wakala wote. Mwaka wa pili nikashuka bondeni nikakata mafunjo. Yakawa mazuri wiki chache, kisha yakalegea, maua yakawa yanabeba mafunjo badala ya mafunjo kubeba maua. Mwisho nikajua. Mwanzi mkavu kwa yale marefu, na kwa yale manene ni tawi la mpera lenye panda, bua linalala kwenye panda kama kichwa kwenye mto. Kamba ni ya mgomba, iliyolowekwa. Katani usifunge, inakata. Na usibane. Unazungusha kamba kwenye ufito kwanza, unaipindua katikati, ndipo unazunguka bua, na unaacha nafasi ya kidole. Kitu kinachokua ukikibana kinajikata chenyewe. Hilo nalijua kwa maua na nalijua kwa watu, ndiyo maana ulipoomba kwenda kazini Magadi nilinyamaza. Usidhani nilifurahi.

Basi mwaka huu mwezi wa nne upepo ulikuja kabla sijashuka bondeni kukata mwanzi. Nyonga haikutaka bonde. Maua yakalala yote upande mmoja, kama watu waliosukumwa. Asubuhi Oketcho akapita na panga begani. Akasimama. Akacheka na meno yake yale.

"Shemeji, maua yamelala. Wewe utalala lini?"

Nikamwambia, "Nitalala ukisha nisimamishia fito. Mimi mjane. Mjane hasimamishi mti bomani, au desturi imebadilika jana? Mwanamume wa boma hili ni nani?"

Ekaju na mke wake Akello walikuwa njiani wanatoka kisimani, wakasimama kusikia. Unawajua majirani. Mbele ya Ekaju, Oketcho angesema nini? Kwamba yeye si mwanamume wa boma? Alitema mate akaenda kukata.

Lakini alikwenda wapi? Si bondeni. Uvivu wake ulimpeleka hatua chache tu, kwenye ua wake mwenyewe wa minyaa, ule unaotenga pamba yake na ng'ombe za barabarani. Akakata fito mbichi, laini, akizilaza kama anavuna. Akaja akazichoma ardhini kuzunguka pale pote pa mama yako, mstari mmoja, akakunja kona, mstari mwingine, kwa sababu alikuwa na hasira na alitaka kumaliza.

Nikamwambia, "Oketcho, hizi ni mbichi. Na ni mnyaa."

Akasema, "Maua yanachagua? Zitakauka."

Nilimwambia mara moja. Sikusema mara ya pili. Mimi si kasuku.

Alipochoma ule wa mwisho utomvu ukamrukia jichoni. Wee! Mzee mzima akapiga ukelele kama mtoto anayetolewa mwiba. Na utomvu wa mnyaa dawa yake unaijua, ni maziwa ya mwanamke anayenyonyesha, wala si mengine. Mimi huku nimekauka zamani. Ilibidi Akello aweke mtungi chini, amlaze Oketcho kwenye nyasi, amkamulie jichoni, na Ekaju ameshika kichwa cha mzee kisitikisike. Akello akamwambia, "Baba, fungua jicho, usione haya, mimi sikuoni." Ekaju akasema, "Mimi ndiye nakuona." Nilicheka mpaka nikakaa chini. Nilipokaa nikageuka nimwambie mtu, umeona? Hapakuwa na mtu upande huo. Nilikuwa nakugeukia wewe.

Haya. Nikafunga maua kwenye fito zile kwa kamba ya mgomba, yakasimama. Yale mekundu yakatangulia, kisha ya manjano. Jioni ukitoka jikoni na moshi machoni, yale mekundu pale chini ni kama mwanamke mrefu aliyefunga kitambaa. Siku moja nilijibu karibu. Nilisema karibu, mama, kwa sauti. Kisha nikajifanya namwita kuku.

Fito hazikukauka. Mwezi wa tano ulipokwisha zilikuwa zimetoa vidole vya kijani juu, kila moja. Mnyaa hauna haya, ukiuchoma ardhini na mvua iko, unaona umekaribishwa. Mimi niliona. Oketcho hakuona, maana jicho lilipopona alikuwa hapiti tena upande huo.

Kisha mwanzoni mwa mwezi huu ikaja mvua ya mawe. Hujawahi kuiona ya namna hiyo. Bati la kanisa lilipigwa kama ngoma. Niliingia chini ya kitanda na kuku wangu, tukatazamana. Ilipokwisha nikatoka, na maua hayakuwepo. Nilisema nini? Hayakuwepo. Vichwa vyote vilikatwa, mabua yamepasuka, majani yamechanganyika na matope kama mboga. Nilikaa pale kwenye maji. Niliokota kichwa kimoja kilichobaki na rangi nikakiweka kwenye kikombe, na ninakuomba usimwambie mtu.

Kulipokucha Oketcho alikuja na ng'ombe wa Ekaju na jembe la kukokota, na Ekaju mwenyewe ameshika kamba, maana ndiye mwenye ng'ombe na alikwisha lipwa pombe.

Oketcho akasema, "Shemeji, nilisema maneno mbele ya watu. Hakuna kitu cha Awor kimesimama."

Nilikuwa nimesimama na jembe la mkono kana kwamba nitapigana na ng'ombe. Lakini Ekaju hakusogea. Alikuwa anatazama chini, anatazama kona, anatazama mstari wote. Akasema, "Mimi siingizi ng'ombe ndani ya mpaka wa mtu."

"Mpaka gani? Hizo ni fito za maua!"

"Ni mnyaa," Ekaju akasema. "Umepandwa kwa mstari na una majani. Kwetu Wateso huo ni mpaka. Kwenu ni nini, kachumbari?"

"Ekaju, vuta ng'ombe."

"Vuta wewe. Mimi nina watoto. Atakayeng'oa mnyaa wa mpaka, wafu wa pande zote mbili wanajua nyumba yake."

Na hapo Oketcho mwenyewe akaona. Niliona uso wake ukiona. Mnyaa ule ulikuwa mrefu kiunoni kwake, kijani, mnene, na kila mmoja ulitoka kwenye ua wake, kwa panga lake, kwa mkono wake, na Ekaju alishika kichwa chake siku ile ile. Nani angesema hajui ulivyofika pale?

Aliita wazee wa ukoo, alidhani watamsaidia. Walikuja Jumapili baada ya kanisa. Mzee Rasto, unamkumbuka, yule mwenye fimbo ya mti wa mkoma na maneno machache, alizunguka mstari wote. Akachimba kidogo kwa fimbo chini ya mmoja. Akamwuliza Oketcho, ni mkono wa nani uliopanda?

"Ni wangu, lakini…"

"Hiyo lakini yako haina mizizi," mzee Rasto akasema. "Hii inayo."

Ndivyo ilivyokwisha, Oboth. Pale pa mama yako pana mpaka, uliowekwa na mtu yule yule aliyepataka, na hakuna mtu wa Osukuru atakayepagusa. Wazee wamesema ni pako, mtoto wa Awor, na jina lako limesemwa mbele ya kaburi la babu yako.

Sasa acha kutabasamu usome hili polepole. Mzee Rasto alisema na lingine. Alisema mpaka usio na mtu ndani yake mwaka huu ni mpaka, mwaka ujao ni kichaka. Alisema uje mwenyewe kabla ya mvua ya mwezi wa tatu, usimamishe mti wako kwa mkono wako, hata iwe kibanda cha mlango mmoja cha kuwekea majembe. Usipokuja, minyaa itabaki, lakini ndani atalima mwenye kulima. Mimi siwezi kuusimamisha huo mti kwa niaba yako. Hata nyonga ingekuwa nzima nisingeweza. Fito za maua nilimpata mjinga. Nguzo ya nyumba haimruki mwenye nyumba.

Juzi Oketcho alikuja kwangu jioni. Hakuja kugomba. Alikaa kwenye kigoda, nikampa ugali na dagaa, akala. Ilikuwa mara ya kwanza tangu uondoke sufuria yangu kuona mikono ya watu wawili. Akasema, "Shemeji, umenishinda."

Nikamwambia, "Mimi? Mimi nilikuambia ni mbichi."

Akanawa. Kisha akasema bila ubaya, na hilo ndilo lililoniuma, angesema kwa ubaya ningemjibu. Akasema, "Lakini kijana harudi. Wakienda huko hawarudi. Umezungushia ua kiota cha ndege aliyehama."

Nilikosa jibu. Mimi, Wilkister. Liandike mahali.

Nimekaa na neno hilo tangu juzi. Nalala nalo, naamka nalo, nalichotea maji. Ninapika unga wa mtu mmoja na bado mkono unazidisha, kila siku unazidisha, na kuku wananenepa kwa ajili ya ujinga wa mkono wangu. Redio ya Ekaju naisikia kutoka hapa, sauti tu, maneno hapana. Nikichoka na sauti nashuka kwa maua, nazungumza na viazi chini ya udongo, polepole, watu wasiseme nimerukwa na akili.

Viazi ni vizima. Nimefukua kimoja nikaona jicho jekundu linaanza. Mvua ya mawe haikufika huko. Yatarudi. Nimeanika mianzi mapema juu ya dari la jiko, Ekaju alinikatia, moshi uikaushe, mchwa wasiiguse. Mnyaa sasa ni ua wa mpaka, haubebi maua tena, utomvu wake ungeyaunguza. Panda za mpera nimeziegemeza nyuma ya mlango. Kamba ya mgomba nimesokota kwenye mpira mmoja mkubwa. Kila kitu kiko tayari, isipokuwa kitu kimoja, na hicho hakikatwi bondeni.

Sikuiti. Usije ukawaambia wenzako nyanya yangu analia ananiita. Mimi sijamwita mwanamume tangu babu yako, na yeye nilimwita mara moja tu. Nakueleza tu jinsi pahali palivyo.

Fito zote zilichipuka, nimesema. Si kweli. Ufito mmoja haukuchipuka. Ulikufa pale pale ulipochomwa, upande wa barabara, katikati. Oketcho alikuja na mnyaa mwingine mkononi kuziba, maana sasa anajiona fundi wa mpaka. Nikamzuia. Nikaung'oa ule mkavu nikawashia jiko. Pamebaki nafasi ya mtu mmoja kupita, akiwa na sanduku mkononi atageuka ubavu kidogo.

Mimi sipiti hapo. Nikitaka kuingia kwa maua nazunguka hadi kona ya nyuma najipenyeza, na nyonga yangu inanitukana. Majani yameanza kuota kwenye nafasi hiyo. Nimeyaacha, ili siku yakikanyagwa nijue bila kuuliza mtu.

Akello anakusalimu, na mtoto wake yule aliyeokoa jicho la mzee bila kujua sasa anatambaa. Ekaju anasema ng'ombe zake zipo ukitaka kusomba udongo. Mzee Rasto anakusalimu kwa fimbo. Hata Oketcho anakusalimu. Alisema nisiandike, nimeandika. Ukipita Nairobi msalimie Metrine, binti wa dada yangu wa Busia, mwambie mamake anamngoja naye, asijifanye kiziwi.

Mungu akuweke mbali na mvua ya mawe, akupe mgongo usiopinda na kitu cha kuegemea. Akuoneshe njia ya kuja kama alivyokuonesha ya kwenda, maana ni ile ile.

Ni mimi nikupendaye, hata nikikutukana, na ninapokutukana zaidi,

Nyanya yako,
Wilkister